Toleo la Mwisho la "Waliosalia"

Karatasi za zamani hunuka vumbi na mende. Felista alilijua hilo kuliko alivyopenda, maana tangu mumewe apunguzwe kazi nyumba yao ya Bigwa, Morogoro, ilijaa karatasi mpaka uvunguni mwa kitanda. Ndiyo sababu jioni ile, alipopita sebuleni na ungo wa mchicha, harufu ya wino mbichi ilimsimamisha. Ilikuwa harufu kali, kama ya mhuri uliogongwa sasa hivi. Stefano alikuwa amekaa mkekani, gunia limepasuliwa mbele yake, na mapajani ameshika kitabu cha picha ambacho jalada lake lilikuwa la miaka ya sabini. Alipoinua mkono kumwita mkewe, vidole vyake vilikuwa vyeusi tii.

"Mama Irene, njoo uone. Hiki ni Waliosalia. Viko vyote. Mpaka kile ambacho hakikutoka."

Felista alimuuliza kama mtu mzima mwenye ndevu haoni haya kusoma vitabu vya watoto.

"Watoto gani? Wewe wakati huo ulikuwa kwenu unachuma maharage, hukujua hata kama dunia imeisha."

Walicheka. Felista alikuja kukikumbuka kicheko kile, kwa kuwa hawakucheka tena pamoja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Viwanda vilifungwa, na madukani vikarudi vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau, sabuni za kunukia, betri, redio za kaseti, ila wengi wa kuvinunua walikuwa wamekaa nyumbani. Stefano, fundi mitambo wa siku nyingi, alijikuta mtaani na cheti cha utumishi mwema. Hakukaa kulia. Alizungukia maofisi na maduka yaliyokuwa yakifungwa, akinunua karatasi chakavu na kuwauzia wauza karanga, wauza vitumbua na wenye mabucha wafungie bidhaa zao. Felista alikuwa na meza ya mboga sokoni. Binti yao wa pekee, Irene, alisoma bweni kwa masista. Jumapili mume na mke walikwenda kanisani pamoja, na Felista alipenda kusema kwamba hawajapata shida ambayo rozari haikuisogeza mbele.

Mzigo wa siku ile ulitoka kwa mzee Girish, mwenye mtambo mdogo wa kuchapa karibu na stesheni, aliyekuwa akiuza kila kitu ili amfuate mwanawe Dar es Salaam. Gunia la vitabu lilikuwa nyuma kabisa ya stoo, limeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, mshono juu ya mshono, kama mtu aliyeshona kwa hofu. Stefano aliukata kwa kisu cha jikoni.

Kwa asiyekuwepo enzi zile, Waliosalia ilikuwa hadithi ya viumbe walioshuka kutoka angani wakaumaliza ulimwengu. Miji iligeuka majivu. Watu wachache waliobaki wakakimbilia mlimani, na mlima wenyewe ulikuwa Uluguru mtupu: matuta ya mboga, migomba, kanisa la misheni lisilo na paa. Chini yake mji ulikuwa Morogoro, reli zimepinda kama kamba, na pale njia panda ya Msamvu mabasi yamelala chali. Wale viumbe waliitwa Wageni. Walikuwa warefu kufikia kizingiti cha juu, mabega membamba, nyuso hazina midomo. Hawakuvunja mlango wa mtu hata siku moja. Walisimama nje wakapiga hodi. Aliyenyamaza alipona, aliyeitikia hakuonekana tena. Vijana wa Morogoro walikuwa wakipanga foleni kwa Girish kila kitabu kilipotoka, mpaka vikakoma ghafla. Ikasemwa karatasi zimeadimika. Miaka na miaka Stefano na wenzake walibishana kiwandani juu ya yule mtu wa mwisho, aliyejifungia katika nyumba ya peke yake mlimani: alifungua au hakufungua?

Haya yote Stefano alimsimulia mkewe wakati akichambua mchicha, naye alisikia nusu, kama wanawake wanavyosikiliza habari za mpira. Sehemu ya hodi ilimpita kabisa. Alichosema ni kwamba akanawe mikono. Alinawa, akanawa tena. Wino haukutoka.

Siku chache baadaye umeme ulikatika magharibi. Stefano alikuwa sebuleni na kibatari, anasoma kwa sauti kama alivyoanza kuzoea. Felista alikuwa jiko la nyuma anasonga ugali. Akasikia hodi mlango wa mbele. Sauti ilikuwa ya jirani yake Anastasia, mama yake Amani, ambaye jioni haikupita bila kuja kuazima kitu, na Felista, mikono yake ikiwa kwenye mwiko, aliitikia kama alivyofundishwa na mama yake, kwa maana kwao kuacha hodi bila jibu ni sawa na kumtemea mtu mate.

"Karibu, mama. Pita ndani, tupo."

Hodi ikaja tena. Felista akacheka, akaitikia tena, akamwambia aache kujifanya mgeni, avute kigoda akae. Akasikia mlango ukisukumwa. Akasikia kigoda kikiburutwa sakafuni. Alipotoka na sufuria, sebuleni alikuwepo Stefano peke yake, hajainua kichwa. Kigoda kilikuwa kimevutwa mpaka ubavuni kwake.

"Mama Amani amekwenda wapi?"

"Mama Amani yupi? Hajaja mtu."

Asubuhi Anastasia alishangaa. Jioni nzima alikuwa kwenye sala ya jumuiya, nyumba ya nne kutoka pale, na ndiyo kwanza alitaka kumuuliza Felista mbona hakutokea. Felista alisema kichwa kilimuuma. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika kidogo kidogo. Mchana hakuna upepo, na chumbani husikika kurasa zikifunuliwa, moja, kisha nyingine, kama mtu anayesoma polepole. Kigoda kilirudi ubavuni kwa Stefano kila mlo, hata Felista akikificha nyuma ya magunia, na chakula cha upande ule kilipoa kabla hakijapakuliwa. Ukutani, karibu na mlango wa chumba, kilitokea kiganja cha wino. Felista alikisugua kwa sabuni ya magadi. Kesho yake kiganja kilikuwa palepale, na kingine juu yake, kirefu kuliko cha binadamu, na kingine juu zaidi pasipofikiwa na mkono wa mtu aliyesimama.

Stefano aliacha kwenda kuuza. Wauza karanga walikuja kuulizia karatasi, akawaambia Jumatatu, na Jumatatu akawaambia hivyo hivyo. Alisoma tu. Alipofika toleo la mwisho, lile ambalo halikutoka, Felista alimsikia akitoa mguno kama wa mtu aliyeibiwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepigwa mistari ya rula, visanduku sita vimepangwa safi, na ndani yake hakuna picha wala neno.

"Hakumaliza," alisema Stefano. Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanamume aliyepunguzwa kazi bila kulia. "Mama Irene, hakumaliza."

Juma lile lile alianza kulalamika mgongo unamwasha. Felista alimvua shati amkande kwa maji ya moto, na taulo likamponyoka. Mgongoni mwa mumewe, kutoka bega hadi bega na kushuka mpaka kiunoni, ilikuwapo mistari myeusi iliyonyooka kama ya rula. Visanduku sita. Vitano vilikuwa vitupu. Katika cha kwanza, juu ya bega la kushoto, ulikuwa umechorwa mlima.

Hospitalini walimpa mafuta ya fangasi, wakasema huenda ni mkeka umemwachia alama. Kufikia Ijumaa cha pili kilikuwa kimejaa. Ilikuwa nyumba yao, bati lenye kutu upande mmoja, kamba ya kuanikia. Cha tatu kilipojaa, Felista alikiona kwa mwanga wa mchana wa saa nane, jua kali nje, watoto wa jirani wakicheza rede. Kilikuwa jiko la nyuma. Mwanamke ameinamia sufuria, mdomo wake wazi, anaitikia.

Alimwendea Padri Innocent, kijana aliyetoka seminari si zamani, mpole, asiyejua kumkatisha mtu tamaa. Padri alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza vyumba vyote, akaweka mkono juu ya kichwa cha Stefano na kuomba kwa muda mrefu hadi kola yake ikalowa. Nyumba ilitulia. Hata kurasa zilinyamaza. Alipokuwa akikunja stola yake, alimuuliza Felista kwa upole kama kuna mtu katika nyumba hii aliyekiita kitu hicho, au aliyekikaribisha.

Ulimi wa Felista ulikuwa tayari kusema. Lakini Anastasia alikuwa amesimama mlangoni na akina mama wa jumuiya, na Felista ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, ndiye aliyewakemea wenzake waliofunga hirizi watoto. Akasema hapana, Padri, hakuna. Jumapili akapokea Komunyo na uongo huo kinywani. Mtu anaweza kuogopa jini na bado akaogopa majirani zaidi. Felista aligundua hivyo juu yake mwenyewe, na kujua huko kulimuuma kuliko hofu.

Usiku wa Jumapili hiyohiyo kurasa zilifunuliwa tena, na cha nne kikajaa. Ndani yake Stefano amelala kifudifudi kitandani, na juu ya kigoda, kando ya kitanda, mtu mrefu ameinama na kalamu.

Jumatatu asubuhi Felista alikusanya vitabu vyote, akavimwagia mafuta ya taa uani, akawasha. Moto haujashika vizuri akasikia Stefano akipiga yowe ndani, yowe la mtu anayeungua, na harufu iliyotoka kwenye zile karatasi haikuwa ya karatasi bali ya nywele, naye bila kufikiri aliingiza mikono yake motoni na kuvitoa, akivipiga chini, akivikanyaga, akimwita Bikira Maria na kumwita mumewe kwa pamoja, na alipokimbilia ndani alimkuta Stefano amejikunja ukutani, bega lake la kulia limetoa malengelenge mapya, lakini mistari ya wino chini ya malengelenge yale imenyooka vilevile, haijakatika hata mmoja.

Ndipo alipoondoka na mikono yake iliyofungwa vitambaa kwenda kwa mzee Girish.

Nyumba ya Girish ilikuwa imejaa masanduku. Mkewe Rashmi alimletea chai, akaiona mikono yake, akarudi na mafuta ya samli na kuanza kumfungua vitambaa bila kuuliza. Felista alisimulia. Alipofika kwenye visanduku, Rashmi aliacha kupaka, akamtazama mumewe. Girish alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

"Mama, ningependa kukwambia nilisahau gunia lile. Sikusahau. Nilitaka liondoke kwangu, basi. Nikasema ni karatasi, zitafungiwa karanga, zitaisha."

Akaeleza. Aliyechora Waliosalia alikuwa kijana wa Mikese, jina lake Yunusi, mpole, mkono wake wa ajabu. Vitabu viliuzika kama mkate. Halafu kijana akaanza kukonda. Toleo la mwisho alilileta mwenyewe, ukurasa wa mwisho mtupu, akasema utajaa wenyewe. Alikufa masika hayo. Wazee walioingia kumwosha maiti walitoka bila kusema neno, na mmoja wao siku ya pili alikuja dukani kwa Girish, akafunga mlango, akamwambia kwamba mgongo wa marehemu ulikuwa umechorwa wote. Katika kisanduku cha mwisho palikuwa na nyumba, mlango wake wazi, ndani hakuna mtu.

Karatasi hazikuwa zimeadimika. Girish aliacha kuchapa. Na dada wa marehemu, aitwaye Pili, ndiye aliyekuja kuvikusanya vitabu na nakala zote, akazishona guniani, akamwapisha asilifungue.

Felista aliuliza kama huyo dada yu hai. Girish alisimama. Alichukua ufunguo wa pikapu.

Pili walimkuta Mikese kando ya barabara, anauza mkaa, mwanamke mkavu wa makamo, amejitanda kanga mpaka machoni kwa sababu ya vumbi la malori. Alimtambua Girish, hakumsalimu. Felista alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akiitazama mikono iliyoungua. Girish akaanza kusema kuna mgonjwa. Pili alimkatisha.

"Nani aliitikia hodi?"

Pikapu ilikuwa imezimwa. Muuza mkaa mwenzake alikuwa karibu, anasikia. Felista akasema hata hivyo.

"Mimi, dada. Nilisema karibu. Nilisema mara mbili. Na padri nimemdanganya."

Pili alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali. Kwetu aliyeitikia alikuwa mama yetu, naye alikuwa ameshakufa tulipojua. Tukabaki hatuna wa kumtoa."

Kisha alieleza, kwa sauti ya chini, huku akipanga magunia yake ya mkaa asimwangalie mtu. Hakuna kiumbe wa nyota. Nyota Yunusi aliziweka ili vijana wa shule wanunue. Lile ni jini la milima hiyo hiyo, na Yunusi alilichora kama alivyoliona limesimama mlangoni kwao, siku baada ya siku, akidhani akilichora litabaki kwenye karatasi. Lilibaki humo baada ya kummaliza yeye, mradi mtu asisome. Akisoma, linatoka kutafuta mlango, na likipata wa kuliitikia linakaa, na likikaa linataka kumalizia hadithi yake.

"Sala za padri wako ni njema," alisema. "Lakini wewe unamwambia atoke na huku umemwekea kigoda. Ni mgeni wako. Umemkaribisha kwa kinywa chako, amekaa, amekula, na hujamsindikiza. Msindikize."

Felista hakuelewa. Pili akamwuliza kwao wageni huondokaje. Si humshika mkono mgeni, ukambebea mzigo wake, ukatoka naye mpaka njiani? Basi ni hivyo hivyo. Mzigo wake ni vitabu. Avirudishe guniani, avibebe yeye mwenyewe, amwambie safari imewadia, ampeleke juu mlimani alikotoka.

"Usimwache njiani. Anayesindikizwa ndiye husema inatosha. Ukigeuka kabla hajasema, anarudi na wewe."

"Na asiposema?"

"Basi utatembea."

Walirudi wote watatu. Stefano alikuwa amelala kifudifudi, ngozi yake imekauka, ikigeuka ikitoa sauti ya karatasi. Kisanduku cha tano kilikuwa kimejaa: kitanda kitupu, shuka limebonyea umbo la mtu. Katika cha sita tayari kulikuwa na mistari miwili ya wima, kama miimo ya mlango. Pili alishona gunia kwa uzi mweusi usiku kucha akisoma Kurani kwa mnong'ono, na Felista upande wa pili wa kitanda akisali rozari, na Girish amekaa kizingitini na viatu mkononi. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Kulipopambazuka Felista alimwinamia mumewe sikioni, akamwambia alichokifanya, hodi na uongo na Komunyo, kama mtu aliye kwenye kitubio. Akamwambia anakwenda kumsindikiza mgeni wake.

"Usiende," alisema Stefano. Midomo yake haikusogea vizuri. "Mwache amalize. Nataka tu kujua mwisho wake."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua. Alisimama mbele ya kigoda kilichokuwa kitupu, akajitwisha gunia, akasema kwa adabu, "Mgeni wangu, kumekucha. Mzigo wako nimekubebea. Twende nikusindikize."

Kigoda kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akinyanyuka.

Akatoka, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, na nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, palikuwa na hatua zilizofuata hatua zake, si za kuburuta wala za kishindo, hatua za mtu aliyeshiba asiye na haraka, na walipoanza kupanda, wakipita mashamba ya ndizi na matuta ya karoti yaliyokuwa yakinywa maji ya mfereji, majani ya migomba yaliyokuwa juu sana ya kichwa chake yalipindika yenyewe kumpisha aliyekuja nyuma, naye hakugeuka, alishika punje za rozari kwa vidole vyenye malengelenge akiendelea na matendo ya uchungu, na kila alipofika katikati ya Salamu Maria ile sauti ya Anastasia ilimwingilia kwa mazungumzo ya kawaida kabisa, kwamba mwaka huu njegere zimeshambuliwa na wadudu, kwamba njia hii imeharibika sana, kwamba Stefano ana mgongo mzuri, mpana, haukwaruzi kalamu, na kwamba Irene, yule mtoto, anarudi lini likizo, maana atakuwa amekua.

Hapo Felista aliisahau sala. Aliendelea kutembea na kuisahau, akisema tu Mama, Mama, Mama.

Walipita mashamba ya mwisho. Walipita vichaka vya ferni. Kila alipodhani shingo itavunjika chini ya gunia alisikia, "Kidogo tu mbele, mama, si mbali," na ilikuwa mbali. Hatimaye miti mikubwa ya msitu ilisimama mbele yake kama ukuta, maji yakidondoka kutoka kwenye ukoga wa magome, hakuna ndege. Hatua zikasimama.

"Inatosha," ilisema sauti. "Nashukuru. Umenifikisha."

Gunia likaondoka kichwani mwake. Hakuliona likienda, aliona tu shingo imekuwa nyepesi. Alianguka magotini kwenye matope akalia, akamshukuru Mungu, akaahidi kwamba siku ileile atakwenda kwa Padri Innocent kabla hata ya kunawa miguu.

Na kweli saa hiyo, kama Girish alivyohadithia baadaye, yeye na Pili waliona mistari ikififia mgongoni mwa Stefano, kuanzia ile miimo ya mlango, ikirudi nyuma kisanduku kwa kisanduku kama inavyofutwa ubaoni, mpaka ukabaki mgongo wa mtu tu. Stefano alifumbua macho akaomba uji. Aliunywa wote, akauliza mkewe yuko wapi.

Mkewe alikuwa anateremka. Ukungu ulianza kupasuka na chini aliona mabati ya Bigwa yakimeta. Alikuwa amefika penye jiwe kubwa, mahali wabeba mboga wanapopumzikia, aliposikia hatua nyuma yake, upande wa kushoto, za mtu asiye na haraka.

"Haifai urudi peke yako, mama," ilisema sauti ya Anastasia kwa upole. "Wewe umenisindikiza mbali hivi. Na mimi nikusindikize."

Felista alisimama. Mara ngapi yeye na Anastasia walikuwa wamefanya hivyo hivyo, huyu akimsindikiza yule mpaka mlangoni, yule akikataa na kumrudisha huyu, mazungumzo hayaishi, mpaka chakula kinaungua jikoni. Aliyatazama mabati. Aliliona lake, lenye kutu upande mmoja. Aliona moshi mwembamba, mtu amewasha moto jikoni, anampikia Stefano.

Kumbe sasa ni yeye aliyekuwa akisindikizwa.

"Inatosha," alisema haraka. "Hapa hapa inatosha. Nashukuru."

Halafu sauti ikasema, bila kinyongo, kwamba sawa, hapa panatosha. "Basi na wewe nisindikize kidogo. Usiniache njiani."

Felista aliyajua maneno ya Pili. Angeweza kukataa, akakimbia na kuingia nyumbani kwake, na mgeni angekuja naye. Alijifunga kanga vizuri kiunoni. Akageuka akaanza kupanda.

Akina mama wa kijiji cha Luhungo, juu mlimani, wanaoshuka na mboga humkuta. Siku nyingine anapanda, siku nyingine anashuka. Huwasalimu vizuri, anapokea ndizi wakimpa, ila hazili zote, nyingine huishika mkono wa kushoto mpaka inachukuliwa. Akiulizwa hajambo husema hajambo, ana mgeni. Padri Innocent alipanda akamwungamisha palepale njiani, wakitembea, kwa sababu hakuweza kusimama, akampa na Komunyo. Alirudi mweupe, na hakumwambia mtu alichosikia, wala alichosikia kikijibu.

Stefano naye hupanda hadi penye mashamba ya mwisho, siku za Jumapili, Irene akiwepo huenda na Irene. Pili aliwakanya wasimwite, wasimwambie arudi nyumbani, kwa maana atakayetamka hivyo atakuwa amewakaribisha wawili. Basi hukaa kwenye majani na kusubiri. Humwona akitokeza kwenye kona, amekonda, rozari mkononi, anatembea pembeni kabisa mwa njia kumwachia mwenzake nafasi, kichwa amekiinua kama anavyofanya mtu anayeongea na aliye mrefu. Naye anawaona. Macho yake huwakaa usoni, mmoja, kisha mwingine, muda wote wa zile hatua chache za mwisho.

Kisha hufika penye jiwe, husema, "Inatosha hapa," husikiliza jibu, na huwapa mgongo.

"Haya," humsikia akisema. "Twende."